Picha rasmi ya kazi ukiwa Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watumishi wa mji wa Serikali wa Mtumba, wahitimu wa vyuo vya hapa mjini, mawakili, wafanyabiashara na wanaotafuta ajira huuliza kila mara kabla ya kukaa mbele ya kamera. Tumeanza na ya msingi, kisha mwanga, uso, mavazi na simu. Hali za pekee ziko kuelekea mwisho. Jibu likishatolewa mahali pengine, tumekuelekeza huko.

## Ya msingi

Picha rasmi ya kazi si ndiyo ile ile paspoti saizi?

Hapana. Paspoti saizi ina kazi moja: kumwezesha ofisa kuhakikisha kwamba aliyesimama mbele yake ndiye aliye kwenye karatasi. Ndiyo maana hutaka uso ulionyooka, mdomo uliofungwa na rangi moja nyuma. Picha rasmi ya kazi inamtambulisha mtu kwa mwenzake ambaye hawajawahi kuonana: mwajiri anayesoma CV, mteja anayefungua tovuti ya kampuni, mwandaaji wa mkutano anayepanga ratiba ya wazungumzaji. Huyo anataka kujua wewe ni mtu wa namna gani kufanya naye kazi. Kwa hiyo mwili hugeuzwa kidogo, uso unakuwa na uhai, na picha huanzia juu kidogo ya kichwa hadi katikati ya kifua.

Fomu ikitaka paspoti saizi, fuata masharti ya fomu hiyo neno kwa neno na usipeleke picha ya aina hii. Kinyume chake pia ni kweli: paspoti saizi iliyobandikwa kwenye CV humfanya hata mtu mchangamfu aonekane kama amesimamishwa kizuizini.

Mimi sina uso wa picha. Kuna namna?

Hakuna swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko hili, na tunalijibu kwa moyo wote: uso wako hauna kosa. Karibu kila anayesema hivyo amepigwa picha vibaya mara nyingi mfululizo. Kamera ilikuwa karibu mno, kwa hiyo pua ikakua na masikio yakarudi nyuma. Mwanga ulitoka juu, macho yakazama. Tena alipigwa kabla misuli ya uso haijalegea.

Ipo sababu nyingine isiyo ya mpigapicha, nayo ni kioo. Kila asubuhi unajiona kwenye kioo, upande wa kushoto ukiwa kushoto. Hakuna uso unaolingana sawasawa pande zote mbili. Nyusi moja iko juu kidogo, mdomo umeelekea upande mmoja. Kamera inakuonyesha jinsi wengine wanavyokuona, yaani kinyume cha kioo, na wewe peke yako ndiye unayeshtuka. Mpe mama yako au mwenzako wa ofisini aitazame picha hiyo hiyo, ataona mtu anayemfahamu.

Nitenge muda gani?

Dakika 30 hadi 40 kwa mtu mmoja. Picha 15 au 20 za kwanza zihesabu kuwa za kupasha uso moto. Mara nyingi nzuri hutoka baada ya hapo. Njoo umekula na umekunywa maji, kwa sababu hewa kavu ya Dodoma huonekana kwanza kwenye midomo na chini ya macho. Ukichomoka ofisini kwa dakika tano kisha unarudi mbio kwenye kikao, picha itakuwa na uso wa kikao.

## Mwanga wa Dodoma

Saa ngapi ni nzuri kupiga picha nje?

Saa 1:00 hadi 2:30 asubuhi, au saa 11:00 hadi 12:00 jioni. Baada ya hapo asubuhi jua hupanda upesi sana, maana Dodoma iko nyuzi 6 hivi tu kusini mwa ikweta.

Watu wengi hudhani saa 7:00 mchana jua limeshaanza kulala. Hapa bado. Saa tunayotumia Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari ulio mashariki yetu, kwa hiyo Dodoma jua hufika juu kabisa karibu saa 6:30 mchana. Mapema Machi na mapema Oktoba hupita utosini kabisa. Mwanga wa namna hiyo hufanya paji la uso liangushe kivuli juu ya macho, pua iangushe kingine juu ya mdomo, na utosi ung'ae kuliko uso. Hakuna tabasamu linaloweza kuokoa picha hiyo.

Kati ya Desemba na Aprili, siku ya mawingu usiiogope. Wingu hulainisha mwanga wote, na unaweza kupiga hata saa 5:00 asubuhi.

Nalazimika kupiga mchana. Nisimame wapi?

Tafuta kivuli kilicho wazi mbele: kibaraza, mlango mpana wa jengo, ubavu wa nyumba usiopigwa na jua. Simama ndani ya kivuli, hatua moja kutoka ukingoni, ukitazama nje kwenye anga na si ukutani. Mwanga wa anga utakujia usoni kwa upole.

Kabla hujasimama, jaribu hivi. Nyanyua ngumi usawa wa uso wako, kisha zunguka polepole huku ukitazama mabonde yaliyo kati ya vifundo vya vidole. Kuna upande mabonde yanakuwa meusi na makali, na kuna upande yanakuwa laini huku mgongo wa mkono ukipata mng'ao mtulivu. Simama ukielekea huo wa pili. Mkono wako una ngozi ile ile ya uso wako, hautakudanganya.

Angalia pia kilicho karibu nawe, maana kila kitu hurudisha rangi yake usoni. Udongo mwekundu unaopigwa na jua mbele yako hupaka chini ya kidevu rangi ya chungwa. Turubai la bluu hufanya uso uonekane wa mgonjwa. Ukuta wa kijani nao vivyo hivyo. Uwanja wa saruji au vitofali vya kijivu ndio salama kuliko vyote. Chini ya mwarobaini kunapendeza kwa kukaa, lakini jua linalopenya kwenye majani hutia madoadoa usoni, na madoa hayo hayaondoki kirahisi kwenye kuhariri.

Kwa nini natoka mweusi tii bila sura, wakati kwa macho niko sawa?

Kamera ikiachiwa ijipimie yenyewe, hujaribu kuufanya wastani wa picha nzima uwe kijivu cha kati. Ukisimama na shati jeupe mbele ya ukuta mweupe, inaona weupe mwingi na kupunguza mwanga. Ukuta unakuwa kijivu, uso unazama. Tatizo ni kipimo, wala si ngozi.

Dawa yake ina sehemu tatu. Kwanza, pima mwanga usoni tu. Kwenye kamera tumia kipimo cha doa (spot), kinachopima sehemu ndogo tu ya picha. Kwenye simu tazama swali la simu hapa chini. Pili, chagua nyuma yenye rangi ya kati: kijivu-bluu, kahawia, zaituni, hata jabali la mawe kama yale yaliyotapakaa vilimani hapa. Tatu, na hii ndiyo inayosahaulika zaidi, usimwagie tu mwanga mwingi kutoka mbele. Ngozi nyeusi huchongwa na mng'ao. Mwanga mpana unaotoka ubavuni, kama dirisha kubwa, huacha mstari laini wa mng'ao kwenye shavu, kwenye pua na pembeni mwa paji la uso, na mistari hiyo ndiyo inayoonyesha umbo la uso. Flashi iliyoelekezwa usoni moja kwa moja huiua mistari yote na kuacha rangi ya majivu.

Kwa miongo mingi filamu za rangi zilirekebishwa kwa kutumia picha za wanawake weupe. Kadi za Kodak zilizotumika kwenye maabara zilijulikana kwa jina la Shirley. Wengi waliopigwa enzi hizo waliaminishwa kwamba wao ndio hawatoki vizuri. Haikuwa kweli.

Nataka kupigia ofisini kwangu. Taa za dari zinatosha?

Zizime. Taa za dari hufanya kazi ile ile mbaya ya jua la saa sita, na nyingi hutia ukijani. Sogea kwenye dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. Kaa umbali wa mita moja hivi kutoka dirishani, dirisha likiwa mbele yako upande mmoja, yaani lisiwe ubavuni kabisa wala mgongoni. Upande wa pili wa uso, sentimita 50 hadi 70, mtu ashike karatasi ngumu nyeupe ya manila ili kuinua kivuli. Ukiona upande wa giza bado ni mzito, sogeza karatasi karibu. Jua likipenya, funga pazia jepesi jeupe. Umeme ukikatika hupotezi kitu.

Vumbi na upepo tunafanyaje?

Miezi ya kiangazi, vumbi huanza kukaa kwenye kola kabla hujashuka kwenye bodaboda. Vaa shati la kawaida njiani, la picha lije limetundikwa ndani ya mfuko wa nailoni. Beba kitambaa chenye unyevu kwa viatu na shingo, kikavu kwa mabega, na kipande cha gundi ya karatasi cha kuondolea nyuzi kwenye koti jeusi. Ukipanda pikipiki, macho hubaki mekundu kwa muda. Fika robo saa mapema, nawa uso kwa maji baridi na upumzike. Usiyafikiche.

## Uso na mwili

Nikiona kamera tu, uso unakakamaa. Nifanye nini?

Karibu kila mara chanzo ni taya. Mtu akitazamwa hubana meno bila kujijua, misuli ya pembeni mwa taya inatuna, midomo inakuwa myembamba, na mabega yanapanda kuelekea masikioni. Ukiyalegeza kwa mpangilio, uso hufuata.

Achanisha meno ya juu na ya chini kidogo huku midomo imefungwa. Gusisha ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu. Vuta pumzi kwa pua, pandisha mabega juu kabisa, kisha yaangushe ukitoa pumzi yote kwa mdomo. Sasa tazama chini, na mpigapicha akisema "haya", nyanyua macho kwenye lenzi kana kwamba umeitwa jina na mtu unayempenda. Picha ipigwe ndani ya sekunde moja ya kunyanyua macho. Baada ya hapo uso huanza kuganda tena, basi tazama chini urudie. Mara sita au saba zinatosha.

Kuongea husaidia kuliko kunyamaza. Mpigapicha mzuri atakuuliza kuhusu kazi yako na kukupiga katikati ya jibu, pale unapomaliza sentensi na mdomo umetulia.

Nitabasamu au nisitabasamu?

Piga aina tatu: uso mtulivu, tabasamu la midomo iliyofungwa, na tabasamu la meno. Kisha chagua kulingana na mahali picha itakapokaa. Bado kuna mazoea kwamba picha ya ofisi lazima mtu anune ili aheshimiwe. Kwa maoni yetu mazoea haya yanawaumiza watu, hasa vijana wanaoomba kazi za kuhudumia wateja. Heshima huletwa na mgongo ulionyooka na macho yaliyotulia. Kununa hakuongezi kitu.

Tabasamu la kweli hujulikana kwa macho. Daktari Mfaransa Guillaume Duchenne aliandika juu ya hili katika karne ya 19: misuli ya mdomo tunaitawala tupendavyo, lakini ile inayozunguka macho huchangamka pale furaha inapokuwapo. Ndiyo maana "sema chizi" haifai kitu. Ukitaka macho yashiriki, cheka kwa sauti kweli, hata kama ni cheko la kulazimisha. Cheko lenyewe si picha. Picha ni ile nukta cheko linapokwisha na mabaki yake yako machoni.

Meno yangu yana rangi ya kahawia, huwa nafumba mdomo. Nifanyeje?

Swali hili ni la kwetu hasa. Maji ya maeneo mengi ya Singida, Manyara na Arusha yana madini ya floraidi kwa wingi, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake bado yanajengeka ndani ya ufizi huweza kupata madoa ya kahawia ambayo mswaki hauwezi kuyaondoa. Si uchafu, na anayetoka kanda hii analijua hilo.

Kinachoharibu picha ni jitihada ya kuficha: mdomo wa juu unavutwa chini, kidevu kinakunjamana, tabasamu linakatika katikati. Ukipenda kuficha, lifunge tabasamu kabisa na uliache lianzie machoni. Ukipenda kucheka, cheka. Kwenye kuhariri inatosha kupunguza umanjano kidogo. Meno yaliyopakwa weupe wa karatasi huonekana ya bandia mara moja, na siku ya usaili mtu atayatafuta asiyaone.

Mwanya uachwe kama ulivyo. Huo ni uzuri.

Nina kidevu cha pili. Kinafichwaje?

Sogeza paji la uso mbele kuelekea kamera, sentimita 2 au 3, kama kobe anayetoa kichwa, kisha shusha kidevu kidogo sana. Utajiona wa ajabu, lakini kutoka mbele haionekani. Kinachoonekana ni mstari wa taya. Kosa la kawaida ni kunyanyua kidevu juu: shingo inanyooka kweli, ila matundu ya pua yanatokeza na macho yanawatazama watu kwa juu, jambo ambalo huku kwetu husomwa kama kiburi. Kosa jingine ni kukivuta nyuma kwa adabu, ndipo cha pili kinapozaliwa.

Kila picha nafumba macho.

Fumba kwa makusudi. Mpigapicha ahesabu moja, mbili, tatu. Ufumbue kwenye tatu, apige mara moja. Kama ni flashi inayokushtua, mwombe apige dirishani.

Nisimameje, na mikono niiweke wapi?

Usiikabili kamera kifua wazi kama uko gwarideni. Geuza miguu na kiwiliwili nyuzi 30 hivi upande mmoja, uzito uuweke mguu wa nyuma, kisha rudisha uso kwenye lenzi. Kiuno kinapungua, shingo inarefuka. Jaribu pande zote mbili, maana kila mtu ana upande wake.

Hata kama mikono haionekani kwenye picha, usiiache ikining'inia; huvuta mabega. Shika kiganja kwa kiganja usawa wa kitovu, au ingiza dole gumba mfukoni na vidole vinne vibaki nje. Kukunja mikono kifuani kunafaa kwa wachache tu: viganja vikizama kwapani unaonekana unahisi baridi, na vikibana misuli unaonekana umekasirika.

Ukikaa, kaa nusu ya mbele ya kiti, na pindo la nyuma la koti ulikalie ili kola isipande shingoni.

## Mavazi, nywele na ngozi

Nivae rangi gani?

Rangi tulivu zisizo na maandishi: bluu iliyokoza, kijani cha chupa, damu ya mzee, kijivu. Shati la bluu hafifu au krimu hupatana na ngozi yetu kuliko jeupe pee, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la mwanga. Ukilazimika kuvaa jeupe, lifunike na koti ili kipande kidogo tu kionekane. Epuka mistari membamba iliyobanana na vyeki vidogo, maana kamera huvichanganya na kuleta mawimbi ya rangi yasiyokuwapo. Kitenge ni kizuri na rasmi, ila chagua chenye maua madogo au ukitumie kwenye kola tu, vinginevyo jicho la mtazamaji litaishia kwenye ua kubwa la kifuani.

Koti la vifungo viwili hufungwa cha juu tu. Tai ifike kwenye bakoli ya mkanda. Vua kitambulisho cha shingoni, toa kalamu na simu kwenye mifuko.

Ninyoe au nisuke lini?

Nywele na ndevu, siku mbili kabla. Ukinyoa asubuhi ya picha, vipele na wekundu wa wembe kwenye shingo huonekana wazi, hasa kwa wenye ndevu zinazojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Misuko iliyokazwa ivumilie siku tatu au nne. Siku ya kwanza huvuta nyusi juu na kukupa sura ya mshangao.

Nipake nini usoni?

Mafuta mepesi, nusu saa kabla, yaingie ngozini. Lengo ni ngozi isiyo kavu wala isiyochuruzika. Jasho la paji la uso na pua gusagusa kwa tishu kavu, usifute. Poda na faundesheni zilingane na shingo. Jaribu kwenye taya ukiwa nje, wala si ndani ya duka. Krimu nyingi za kuzuia jua huacha weupe flashi inapowaka, basi uzioshe kama utapigwa kwa flashi. Midomo ipate mafuta tangu jana yake. Wanaume pia.

## Kutumia simu

Sina hela ya studio. Simu inaweza kutoa picha ya kutumia kwenye CV?

Inaweza kabisa, ukizingatia mambo machache.

Futa lenzi kwa kitambaa laini. Alama ya kidole ndiyo inayoleta ukungu ule. Tumia kamera ya nyuma, mtu mwingine ashike. Asimame mita 1.5 hadi 2, avute picha (zoom) mara 2, simu iwe usawa wa macho yako. Lenzi kuu ya simu huona eneo pana, na ikisogezwa sentimita 40 hukuza pua. Kama simu ikivuta inaleta chengachenga, mpige bila kuvuta kwa umbali ule ule, mkate baadaye.

Gusa uso kwenye kioo cha simu na ushikilie hadi mwanga ufungwe, kisha telezesha juu au chini mpaka ngozi ifanane na ilivyo. Zima hali ya urembo, ambayo kwenye simu nyingi hujiwasha yenyewe na kufuta vinyweleo vyote vya ngozi. Hali ya kufifisha nyuma itumie kwa tahadhari: ikuze picha uangalie masikio, hereni na ncha za nywele, maana ndiko inakokata vibaya.

Taa ya duara si lazima. Ukiitumia, iwe juu kidogo ya macho na pembeni, isiwe mbele kabisa.

## Hali za pekee

Navaa miwani na inameta.

Mwanga upandishwe juu zaidi na pembeni, na mikono ya miwani iinuliwe milimita chache juu ya masikio ili vioo vielekee chini kidogo. Miwani inayobadilika rangi juani itabaki ya giza kwa dakika kadhaa hata ukiingia kivulini. Ikae ndani kwanza. Kama unaivaa kila siku, usiivue kwenye picha.

Navaa hijabu. Kuna la kuzingatia?

Kitambaa kisichometa, na rangi iliyo tofauti na nyuma. Ushungi mweusi mbele ya pazia jeusi huacha uso ukielea. Utie pini mabegani ili usivutwe ukigeuka, na hakikisha haubani mashavu. Mpigapicha asiuguse. Akiona umekaa upande, aseme, na urekebishe mwenyewe au dada mwingine akusaidie.

Nina ualbino. Mwanga unaniumiza.

Mwambie mpigapicha mapema, na usikubali flashi ya mbele wala kutazama juani. Dirisha lenye pazia linatosha. Kamera ipunguziwe mwanga kidogo mbele ya nyuma ya giza, ili ngozi isiungue ikawa nyeupe tupu. Kama macho yako huchezacheza, huenda unajua namna unavyoinamisha kichwa ili yatulie. Picha ipigwe hapo hapo, hata kama kichwa kimeelekea upande. Anayekulazimisha kukinyoosha anakuharibia.

Natumia kiti mwendo.

Kamera ishuke hadi usawa wa macho yako. Mpigapicha ndiye apige magoti. Kiti kikionekana au kisionekane ni uamuzi wako, wala si wake.

Nina chale usoni, na mzee wangu ana ndewe kubwa. Zifutwe?

Kanuni yetu ni nyepesi: kitakachokuwapo mwaka kesho kinabaki, chunusi ya wiki hii inaondoka. Chale, ndewe, kovu na alama ya kuzaliwa ni sehemu ya mtu. Ziondolewe tu akitaka mwenyewe.

Ninampiga picha mkubwa wangu wa kazi. Nitamwambiaje akae sawa bila kumvunjia heshima?

Mwamkie kwanza, mwambie picha itachukua dakika ngapi, na uombe ruhusa ya kuelekeza: "Shikamoo mzee, naomba niwe nakuongoza kidogo ili itoke vizuri." Ukishapewa ruhusa, elekeza kwa vitendo, geuza mwili wako mwenyewe naye atafuata kama kioo. Sema "mheshimiwa, naomba kidevu mbele kidogo", usiseme "umekaa vibaya". Kola au tai iliyokwenda upande, omba kabla ya kugusa. Na mwonyeshe picha moja nzuri mapema, maana mtu mzima akiona ametoka vizuri hulegea kuliko kwa maneno yoyote.

Picha ya idara nzima, kila mara kuna aliyefumba macho.

Kwa kundi lisilozidi watu 20 kwenye mwanga mzuri, gawanya idadi kwa tatu: watu 15, piga angalau mara 5. Hesabu hiyo ilitolewa na Nic Svenson na Piers Barnes wa Australia.

Naweza kupigia mbele ya Bunge au majengo ya Mtumba?

Usipige bila ruhusa ya walinzi na wenye ofisi, hata kama kinachoonekana nyuma ni ukuta tu. Ukiwa na ruhusa, nenda mapema asubuhi.

## Baada ya kupigwa

Nichague picha ipi?

Usichague siku hiyo hiyo, bado uko na kioo kichwani. Kesho yake punguza hadi tano, kisha waonyeshe watu wawili: mmoja anayekufahamu na mwingine asiyekujua vizuri. Wa kwanza muulize ipi ni wewe. Wa pili muulize angempigia simu mtu wa picha ipi. Zikigongana, chukua ya wa pili kwa CV.

Mnaweza kuning'arisha kidogo?

Kuongeza mwanga uso uonekane, ndiyo. Kubadilisha rangi ya ngozi, hapana. Kuna kipimo rahisi: weka mgongo wa mkono wako kando ya kioo cha simu penye mwanga wa kawaida. Uso wa kwenye picha ukiwa mweupe kuliko mkono, mtu amekubadilisha.

Niiombe kwa ukubwa gani?

Omba nakala mbili: kubwa ya kuchapisha na ndogo ya mtandaoni. Kuchapisha sentimita 10 kwa 15 hutaka pikseli 1200 kwa 1800. LinkedIn hutaka angalau 400 kwa 400, nayo hukata duara, kwa hiyo acha nafasi pembeni mwa kichwa. Kwenye CV, faili la kilobaiti 300 hadi 500 linatosha. Ukitumiwa kwa WhatsApp, liombe litumwe kama dokumenti; likitumwa kama picha hubanwa na kupoteza ubora.

Mpigapicha ameweka picha yangu kwenye ukurasa wake. Anaruhusiwa?

Picha inayokutambulisha ni taarifa yako binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imejengwa juu ya ridhaa. Maliza jambo hili kabla ya kupigwa: andikianeni, hata kwa ujumbe wa simu, kama anaruhusiwa kuitumia kwa matangazo, wapi, na hadi lini. Ukiikuta imewekwa bila makubaliano, mwandikie kwanza umwombe aiondoe, na utunze ujumbe huo.

Picha moja nitumie kwa muda gani?

Miaka miwili hivi, au mpaka utakapobadilika: umeanza kufuga ndevu, umenyoa kipara, umeanza kuvaa miwani, mwili umepungua au kuongezeka. Mtu wa mapokezi akiitazama CV, kisha akutazame, asilazimike kurudia mara mbili.